Dirisha la Utosi: Ultrasaundi na Ubongo wa Mtoto Njiti

Bibi wa Jambiani anapopakatishwa mjukuu mchanga, vidole vyake hutangulia utosini. Hupapasa taratibu kujua kama pamebonyea au pametuna, na kwa mguso huo hutambua kama mtoto amepungukiwa na maji au yu salama. Mahali hapo laini, ambapo mifupa ya fuvu haijakutana, hubaki wazi kwa watoto wengi hadi kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Ndipo hapo hapo daktari anapoweka kifaa cha ultrasaundi anapotaka kuuona ubongo wa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, yaani mtoto njiti. Picha hiyo inaweza kueleza nini kuhusu maisha ya mbele ya mtoto, na ni nini isichoweza kueleza, ndilo somo la makala haya. Wazazi wa Wilaya ya Kusini wana sababu ya kulifuatilia, kwa kuwa wengi wao hutoka hospitali wakiwa wamepewa nusu tu ya jibu, nao hudhani wamepewa lote.

Mtoto huhesabiwa kuwa njiti akizaliwa kabla ya kutimia wiki 37 za mimba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa hivyo ulimwenguni. Wengi wao huzaliwa wakiwa wamekaribia kutimiza muda. Wenye hatari hasa ni wale waliozaliwa kabla ya wiki 32, au waliopungua gramu 1,500. Hao ndio wanaohitaji kupigwa picha ya ubongo hata kama wanaonyonya wananyonya vizuri na wanaolia wanalia kwa nguvu, kwa sababu madhara mengi ya ubongo katika umri huo hayana sauti. Mtoto anaweza kuvuja damu ndani ya kichwa asioneshe dalili yoyote ambayo macho ya mama au ya muuguzi yangeweza kuiona.

Mashine yenyewe haina mionzi. Hutoa sauti nyembamba mno ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia, kisha hupokea mwangwi unaorudi na kuugeuza kuwa picha. Pomboo wa Kizimkazi hutafuta samaki kwa njia hiyo hiyo. Mfupa huizuia sauti, ndiyo maana ubongo wa mtu mzima hauonekani vyema kwa kifaa hiki, ila utosi wa mtoto mchanga ni dirisha lililoachwa wazi. Daktari Ian Donald na wenzake walichapisha picha zao za kwanza za mimba huko Glasgow mwaka 1958, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari walikuwa wameanza kuupitisha mwangwi huo utosini. Mtoto hachomwi sindano wala hapewi dawa ya usingizi. Hupakwa jeli kidogo, kifaa huwekwa kichwani kwa dakika chache, na yote hayo hufanyika akiwa kitandani mwake au kifuani kwa mama yake.

Ili kuielewa picha, yafaa kwanza kujua kwa nini ubongo wa njiti huvuja damu. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne vyenye maji safi, na viwili vilivyo vikubwa viko kulia na kushoto. Pembezoni mwa vyumba hivyo viwili, kabla mimba haijakaribia wiki ya 34, kuna tabaka la chembe changa zinazozaliwa hapo na kuhamia sehemu nyingine za ubongo. Tabaka hilo hulishwa na mishipa ya damu iliyo myembamba kama uzi, isiyo na ukuta imara. Mimba inapokomaa, kazi ya tabaka hilo huisha nalo hutoweka. Mtoto akizaliwa wiki ya 28 bado analo, tena kwa wingi. Mwili wake pia haujajifunza kuusawazisha mwendo wa damu kichwani. Akipata baridi, akikosa pumzi, akiongezewa maji kwa haraka, au akitikiswa katika safari ndefu, presha ya damu hupanda na kushuka, na uzi huo hukatika. Damu hiyo hutoka mapema sana, mara nyingi ndani ya siku tatu za mwanzo.

Hapa umbali wa Jambiani unaingia katika tiba yenyewe. Kijiji kiko zaidi ya kilomita 50 kutoka mjini Unguja. Mama anayepata uchungu katika mwezi wa saba, ambaye maji yamemvunjika au anayetokwa na damu, akiambiwa asubiri kwanza aone hadi asubuhi, huenda akajifungua nyumbani au njiani, na mtoto wa kilo moja akasafirishwa amefungwa kanga ndani ya gari. Imethibitika katika nchi nyingi kwamba njiti waliosafirishwa baada ya kuzaliwa huvuja damu kichwani zaidi kuliko waliosafiri wakiwa bado tumboni. Hakuna gari la wagonjwa lenye joto na utulivu wa tumbo la mama. Kuwahi kuna faida ya pili: mama akifika mapema katika hospitali yenye uwezo wa kumtunza yeye na njiti, anaweza kuchomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, na sindano hizo hizo hupunguza uwezekano wa damu kuvuja kwenye ubongo. Zinahitaji saa kadhaa kabla ya kujifungua ili zifanye kazi, na hazifai kutolewa kwa kubahatisha umri wa mimba. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza kila mjamzito apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, wakati ambapo umri wa mimba unaweza kupimwa kwa karibu. Mama asiyejua wiki zake humwacha daktari akikisia, kwanza juu ya sindano, kisha juu ya picha ya utosi.

Damu ikishatoka, picha huonesha imefika wapi. Mwaka 1978 daktari Lu-Ann Papile na wenzake wa New Mexico, Marekani, waliipanga katika madaraja manne, na mpango wao ungali msingi wa kusomea picha hizi. Daraja la kwanza ni damu iliyobaki ndani ya tabaka lile. La pili, damu imeingia katika vyumba vya maji bila kuvipanua. La tatu, vyumba vimejaa na kutanuka. La nne, damu imeingia katika nyama ya ubongo. Mzazi anayesikia neno "damu kichwani" hufikiri limekwisha, lakini tofauti baina ya daraja la kwanza na la nne ni kubwa. Watoto wengi wa daraja la kwanza na la pili hukua karibu sawa na njiti wenzao wasiovuja damu. Daraja la tatu na la nne ndiyo yanayobeba hatari kubwa ya ulemavu wa viungo na ya maji kujaa kichwani. Hata katika daraja la nne, damu ikiwa upande mmoja tu, wapo watoto wengi wanaotembea, ingawa mkono au mguu wa upande wa pili huweza kuwa mzito.

Tatizo hili halihusu hospitali za Ulaya peke yake. Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale, mashariki mwa Uganda, watafiti waliwapiga picha watoto 120 waliozaliwa na uzito mdogo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Watoto 41 walikuwa wamevuja damu, na 18 kati yao walikuwa katika daraja la tatu au la nne. Karibu damu yote ilikwishaonekana kufikia siku ya saba. Hospitali hiyo inahudumia watu wa vijijini wanaofika kwa safari ndefu, hali isiyo mbali na ya Kusini Unguja. Kama pasingekuwa na picha, sehemu kubwa ya watoto hao 41 wangerudi nyumbani bila mtu kujua.

Picha ya wiki ya kwanza, basi, hutafuta damu. Lakini damu si adui pekee, na hapa ndipo kosa kubwa hutokea. Sehemu nyingine inayoumia ni weupe wa ubongo, yaani nyuzi zinazopeleka amri kutoka ubongoni hadi miguuni na mikononi. Weupe huu huumia kwa kukosa damu na hewa, au kwa maambukizi ya mama na mtoto. Jeraha lake halionekani mara moja. Nyama iliyokufa huchukua wiki mbili hadi nne kuyeyuka na kuacha vijifuko vya maji, na vijifuko hivyo ndivyo vinavyoonekana kwenye picha. Mtoto anaweza kupigwa picha siku ya saba ikaandikwa "safi", na kwa siku hiyo ikawa kweli ni safi, ilhali jeraha lipo na halijajionesha.

Vijifuko hivyo vikiwa pande zote mbili ndiyo dalili ya kutegemewa kuliko zote ambazo ultrasaundi inaweza kuzitoa. Wengi wa watoto wenye dalili hiyo hupata mtindio wa ubongo, hasa ule unaokaza miguu. Daktari Linda de Vries na wenzake wa Utrecht, Uholanzi, walionesha mwaka 2004 kwamba miongoni mwa njiti wa chini ya wiki 33 waliokuja kupata mtindio, karibu wanne kati ya kila watano walikuwa wameonekana na kasoro kubwa katika picha za utosi. Lakini watafiti hao waliwapiga picha watoto wao mara kwa mara, na kwa si wachache kasoro ilionekana mara ya kwanza baada ya siku ya 28. Wangeishia picha ya wiki ya kwanza, wangewaruhusu watoto hao wakiwa na karatasi safi. Kwa sababu hiyo Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, kinashauri picha ya kwanza kati ya siku ya 7 na ya 10, ya pili kati ya wiki ya 4 na ya 6, na ya tatu wakati mtoto angetimiza miezi yake tisa kama angebaki tumboni.

Sasa achukuliwe mama wa mfano wa Jambiani Kikadini, mkulima wa mwani. Amejifungua katika wiki ya 30, akalala hospitali wiki tatu, mtoto akaongezeka uzito, akapewa ruhusa. Picha moja ilipigwa, nayo ilikuwa nzuri. Aambiwe arudi baada ya wiki moja kwa ajili ya picha nyingine, atajiuliza kwa nini atoe nauli ya gari ya 309 kwenda na kurudi, apoteze siku nzima, kwa mtoto mwenye afya na picha iliyo safi. Jibu linalotolewa mara nyingi ni "utaratibu wa hospitali", na jibu hilo halimpandishi mtu garini. Angeelezwa kwamba picha ya kwanza ilitafuta damu na ya pili inatafuta jeraha ambalo katika siku ile lisingeweza kuonekana, angekwenda. Wanawake wa pwani hii hawashindwi na hesabu ya wiki nne: kutoka bamvua moja hadi nyingine ni siku kama kumi na tano, na bamvua mbili zikipita, ubongo wa mtoto umefika kwenye muda wa kuonesha ulichoficha.

Baada ya kusema hayo, mipaka ya picha nayo ielezwe bila kuficha. Ultrasaundi hutabiri mwendo na viungo kuliko inavyotabiri akili. Haimwambii mzazi kama mtoto atakuwa mzito wa kusema, kama atapata shida ya kusoma skuli, au kama atasikia na kuona vyema. Macho na masikio ya njiti yana vipimo vyake. Mabadiliko madogo ya weupe wa ubongo hayaonekani kwa mwangwi, na sehemu ya nyuma ya ubongo haionekani vizuri kupitia utosi wa mbele, hivyo hutazamwa kwa kuweka kifaa nyuma ya sikio. Mtoto mwenye picha tatu safi ana matumaini makubwa ya kutembea, lakini hana hati ya dhamana. Na mtoto mwenye picha mbaya hajahukumiwa: daktari mwangalifu husema "hatari ni kubwa", hasemi "hatatembea". Kuna wazazi waliovunjika moyo kwa sentensi moja iliyotamkwa haraka kando ya kitanda, wakaacha hata mazoezi ambayo yangemsaidia mtoto.

Jambo moja ambalo picha hulianzisha, na ambalo linaweza kuendelezwa Jambiani bila mashine yoyote, ni kupima kichwa. Damu ya daraja la tatu au la nne huweza kuziba njia ya maji ya ubongo, na kwa siku au wiki zinazofuata maji yakajaa. Kwa kuwa mifupa haijaungana, kichwa hutanuka. Utepe wa kushonea unatosha: huzungushwa juu ya nyusi na masikio hadi pale kisogo kilipochomoza zaidi, hupimwa mara tatu, na kipimo kikubwa huandikwa kwenye kadi. Kichwa cha njiti anayekua vizuri huongezeka kiasi cha nusu sentimita hadi sentimita moja kwa wiki. Kikiongezeka sentimita mbili katika wiki moja, au utosi ukituna mtoto akiwa ameketishwa na hatui kilio, au macho yakawa yanashuka chini na weupe ukaonekana juu ya mboni, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kichwa kinachokua haraka si alama ya akili nyingi, kama wanavyosema baadhi ya majirani wakarimu.

Maji hayo yana tiba. Katika Hospitali ya Mnazi Mmoja ilifunguliwa mwaka 2014 taasisi ya upasuaji wa ubongo kwa ushirikiano na mfuko wa NED wa Uhispania, na vichwa vya watoto vilivyojaa maji ni miongoni mwa kazi zake. Huko Mbale, katika hospitali ya watoto ya CURE, daktari Benjamin Warf aliendeleza miaka ya mwanzoni mwa 2000 upasuaji wa kuyafungulia maji njia mpya ndani ya ubongo, bila kumwekea mtoto mpira wa kudumu, upasuaji ambao sasa hufanywa hata Marekani. Anayefikishwa kabla ubongo haujabanwa kwa muda mrefu hupata faida zaidi ya anayefikishwa kichwa kikiwa kimekwisha tanuka.

Nyumbani, umri wa njiti uhesabiwe kwa haki. Mtoto aliyetangulia wiki nane, akiwa na miezi sita ya kalenda, ana miezi minne ya ukuaji. Asilinganishwe na mtoto wa jirani waliyezaliwa siku moja. Kwa umri huo uliosahihishwa, kichwa kiwe kimekaza kufikia mwezi wa nne. Vidole vinavyobaki vimekunjwa ngumi wakati wote baada ya hapo, mapaja yanayokataa kuachana wakati wa kubadilishwa nepi, au mkono mmoja tu unaotumika kabla ya mwaka, ni mambo ya kupelekwa kituo cha afya bila kungoja chanjo ijayo. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita majumbani katika mpango wa Jamii ni Afya waoneshwe kadi ya mtoto na waelezwe kuwa ni njiti, kwani mtoto aliyenenepa hatambulikani kwa macho. Mtoto aliyeonekana na hatari aanze mazoezi ya viungo mapema, hata kabla mtindio haujathibitika. Katika mwaka wa kwanza ubongo unajifunza kwa kasi ambayo hairudi baadaye, na hii ndiyo faida halisi ya kutabiri.

Na wakati wote huo, kifua cha mama au cha baba ni dawa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionesha mwaka 2021 kwamba watoto wa kilo moja hadi 1.8 waliowekwa ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa walikufa kwa robo pungufu kuliko waliosubirishwa mpaka hali zao zitulie. Joto husawazisha pumzi, na pumzi husawazisha damu.

Siku ya kuruhusiwa, mzazi aombe mambo matatu yaandikwe kwenye kadi: wiki za mimba alizozaliwa nazo mtoto, kipimo cha kichwa cha siku hiyo, na tarehe ya picha ijayo. Aulize pia picha hiyo itapigwa hospitali gani, asije akafunga safari hadi mjini kwa kazi ambayo ingefanyika karibu, au akaenda karibu akakuta mpigaji hayupo. Ikiwa tarehe imeangukia siku za bamvua, wakati ambao mwani hauwezi kuachwa, aseme hivyo hivyo. Muda wa picha ya pili ni kati ya wiki ya nne na ya sita, na ndani ya siku hizo kumi na nne huwa daima na siku za maji mafu.